Mama mkwe hataki ninunue chochote kabla mtoto hajalia

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, ninaishi na mume wangu katika mtaa wa Kaptembwa hapa Nakuru, na mimba yangu imefika wiki 31. Kliniki wamenikadiria kujifungua wiki ya pili ya mwezi wa Julai. Mume wangu ni fundi wa magari wa jua kali, nami nina cherehani yangu, ninashona sare za shule na mapazia.

Hii si mimba yangu ya kwanza. Miaka mitatu iliyopita nilibeba mimba hadi mwezi wa nane, na mtoto akazaliwa akiwa tayari amefariki. Wakati huo nilikuwa nimeshanunua kila kitu, na nguo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa kwenye kikapu kando ya kitanda, pamoja na blanketi la manjano ambalo nililitia upindo mwenyewe. Mama mkwe alikuja kutoka Vihiga, akakusanya kila kitu bila kusema neno, akaenda nacho. Hadi leo nguo hizo ziko kwake katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, na ameziwekea vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende.

Sasa amesema wazi kwamba katika ukoo wao hakuna kinachonunuliwa kabla mtoto hajalia, kwamba mara ya kwanza nilifanya haraka na nikaona matokeo yake, na kwamba nikirudia atajua simheshimu. Anasema mtoto akizaliwa salama atapanda gari siku hiyo hiyo aje na lile sanduku, kwa kuwa nguo ni mpya na hazijavaliwa, kisha akae nasi mwezi mmoja. Mwezi wa Agosti anataka twende sote Vihiga ili mtoto aonwe na ukoo.

Kwa upande mwingine, wenzangu wa chama wameandika orodha waliyoitoa kwenye simu. Ina kitanda cha mtoto chenye neti yake, kigari cha kumsukumia, pampu ya kukamua maziwa, chupa sita za kunyonyea, mtambo wa kuchemshia chupa, kiti cha kumbembelezea, poda, mito na mengine ambayo hata matumizi yake siyajui. Tulipojumlisha tulifika shilingi 63,000, nao wanataka tufanye sherehe mwezi wa Juni ili wachange sehemu yake. Akiba yangu ni shilingi 18,000. Mume wangu akiulizwa husema tufanye tunavyoona.

Ninaomba uniambie ni vitu gani ambavyo kwa kweli siwezi kuvikosa siku hiyo, na nitavipataje bila kumvunjia heshima mama mkwe. Pia ninaomba uniambie kuhusu zile nguo za sandukuni. Sijui kama nitaweza kumvalisha mtoto huyu, lakini sina sababu ya kumpa mama mkwe isipokuwa kwamba moyo wangu unakataa.

Fundi wa Cherehani, Nakuru

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mtoto wako wa kwanza. Nimetanguliza pole kwa sababu ukiondoa hesabu za shilingi, barua yako yote inamhusu yeye, na ninadhani hata mama mkwe wako humzungumzia yeye kila anapokupigia simu, ila yeye anapitia kwenye miiko.

Mwiko huo ninaujua. Katika miaka niliyofanya kazi ya ukunga nimeusikia kutoka kwa kina mama wa makabila mengi ya upande huu wa nchi, na sikuwahi kuucheka, kwa sababu ulianza zamani ambapo watoto wengi hawakufika siku ya arobaini, na mwanamke aliyerudi mikono mitupu aliepushwa angalau na kazi ya kukusanya nguo ambazo hazikupata wa kuzivaa. Wewe kazi hiyo ulifanyiwa na mama mkwe wako. Alikuja na akaifanya bila kusema neno, na mtu aliyekusanya nguo hizo kwa mikono yake hawezi kusikia habari ya wewe kununua nyingine bila kushtuka.

Hata hivyo ni lazima nikwambie, nawe umwambie mume wako kwa sauti ili asikie: kununua nguo hakuui mtoto tumboni. Watoto hufia tumboni kwa sababu ya shinikizo la damu la mama, kisukari, maambukizi kama vile kaswende na malaria, kondo kubanduka kabla ya wakati, mtoto kutokua vizuri, na mara nyingine kwa sababu ambayo hata daktari haipati. Kwa hiyo kabla ya kununua hata soksi, hakikisha kwamba kitabu chako cha kliniki kimeandikwa habari ya mimba ile ya kwanza, kwamba unapimwa shinikizo la damu na mkojo katika kila ziara, na kwamba umepangiwa kujifungulia katika hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ukiona mtoto amepunguza kucheza, au umetokwa na damu au maji, au umeumwa na kichwa kikali na macho kuona maruerue, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku na hata ikiwa ulikuwa huko jana.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Ukweli ni kwamba mama mkwe wako anakaribia kuwa sahihi kuliko wenzako wa chama. Anayesema usinunue chochote amekosea kwa vitu vichache tu, ilhali orodha ya shilingi 63,000 imekosea karibu yote, na ajabu ni kwamba katika vitu ulivyonitajia sikuona pamba wala pedi za mama.

Nitaanza na saa ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona watu wakihangaika zaidi. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, alifika mama kutoka upande wa Njoro akiwa na sanduku la magurudumu lililojaa nguo za mtoto na kufungwa kufuli dogo la shaba. Mtoto alikuja haraka. Tulipoomba kitambaa cha kumpokelea, ufunguo ulikuwa umeachwa nyumbani juu ya meza, na baba mtu akatoka mbio na pikipiki kuufuata. Mtoto alikaushwa kwa leso aliyokuwa amejifunga shangazi yake, tukamfunika kwa shuka la wodi, na ufunguo ulipofika alikuwa ameshanyonya na kulala. Sanduku zima halikuwa na kazi usiku ule, na kilichotakiwa kilikuwa vitambaa viwili na kofia.

Vitambaa ni viwili kwa sababu mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na mwili wake mdogo hupoteza joto kwa kasi kupitia huo unyevu. Kitambaa cha kwanza ni cha kumkaushia, nacho kikishalowa huwekwa kando mara moja, kisha mtoto hulazwa kifuani pako ngozi kwa ngozi, akafunikwa kwa kile cha pili kilicho kikavu na kuvishwa kofia. Akiwa hapo ataanza kutafuta ziwa, na inapendekezwa anyonye ndani ya saa hiyo ya kwanza. Kuoga hakuna haraka. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri saa 24. Chukua vitambaa hivyo viwili, kofia moja, nepi mbili na nguo moja ya kuvaa, uvitie kwenye mfuko mdogo wa peke yake, nao ukae juu kabisa ya vitu vingine. Usiufunge kwa kufuli.

Katika mfuko mkubwa tangulia wewe, kwa maana wajawazito wengi hujisahau. Weka paketi mbili za pedi kubwa za uzazi, pamba ya gramu 400, chupi sita za pamba zisizobana, gauni mbili zinazofunguka mbele, sidiria za kunyonyeshea ikiwa unazo, leso tatu, kandambili, sabuni ya kipande, taulo, mswaki, beseni na chupa ya chai ya kuwekea uji. Uliza kliniki yako kama kuna kingine wanachotaka mama aje nacho, kwa sababu kila hospitali ina utaratibu wake na baadhi hukosa hata glavu. Damu baada ya kujifungua huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, ikipungua siku baada ya siku. Ikifika hatua ya kulowesha pedi nzima kwa saa moja au chini ya hapo, hilo si jambo la kusubiri kupambazuke.

Nguo za mtoto mchanga hazihitaji kuwa nyingi, kwa kuwa za ukubwa wa mwanzo humkaa wiki chache tu. Nguo sita za kipande kimoja zenye vifungo mbele zinatosha, pamoja na fulana nne, sweta mbili, jozi nne za soksi, kofia tatu, shali mbili na blanketi moja. Nimetaja sweta na kofia kwa kuwa utajifungua Julai, na Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Julai hapa ina asubuhi za ukungu ambazo mtu wa Kisumu hawezi kuzifikiria. Kipimo rahisi ni kumwongezea mtoto tabaka moja la nguo juu ya uliyovaa wewe, kisha umguse shingoni kwa nyuma. Akiwa na jasho, umezidisha. Nguo za mitumba hazina ubaya wowote, na mara nyingi pamba yake ni laini kuliko ya mpya. Zifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, zianike juani, halafu zipige pasi ya moto ndani na nje hadi kwenye mishono, kwa sababu wako inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi.

Kuhusu nepi, Mungu amekupa cherehani. Nunua mita kadhaa za kitambaa cha pamba au flana, kata vipande vya mraba vya sentimita 70 hivi, uvitie upindo, na utakuwa na dazeni mbili kwa bei ambayo dukani ingekupa chache. Usione kwamba unavunja mwiko: umekata kitambaa na kukipinda, kazi unayoifanya kila siku, na kitambaa cha mraba si nguo ya mtu hadi mtu huyo afungwe nacho. Nunua pia paketi moja ndogo ya daipa, hizi ambazo wengi tunaziita pampasi, za ukubwa ulio mdogo kabisa, na usinunue ya pili hadi umwone mtoto na uzito wake. Hizo ni za siku mbili tatu za kwanza, ambapo mtoto hutoa kinyesi cheusi kinachonata kama lami ya barabara. Aliyewahi kukisugua kwenye flana nyeupe kwa maji baridi ananielewa.

Kitovu hakihitaji duka. Kinatakiwa kuwa safi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na pasiwepo majivu, samadi, mate, dawa ya meno wala poda. Hospitali ikikupa dawa ya klorheksidini, ipake kitovuni kwa siku walizokuelekeza na uiweke mbali na dawa za macho, maana wapo waliochanganya kichupa kwa kichupa na watoto wakadhurika macho.

Nikirudi kwa orodha ya chama, chupa sita, mtambo wa kuzichemshia na pampu vifute vyote. Mtoto atanyonya maziwa yako pekee kwa miezi sita, bila maji, bila glukosi, bila ile dawa tamu ya tumbo ambayo jirani atakuletea, na utakaporudi kwenye cherehani yako atakuwa kando yako. Ikitokea shida ya kunyonyesha, anayehitajika ni nesi wa kukuonyesha jinsi mtoto anavyoshika ziwa, na maziwa yakihitaji kukamuliwa, mkono ulionawa hufanya kazi hiyo. Bunge letu lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuzuia utangazaji wa maziwa ya kopo na chupa, kwa hiyo mtu yeyote anayekusifia bidhaa hizo kliniki au dukani hatendi haki. Poda pia ifute, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye mapafu madogo. Mito ifute, kwa kuwa mtoto mchanga hulazwa chali mahali pagumu kiasi na patupu, na mto karibu na uso wake ni hatari. Kigari sina haja ya kukisema sana. Ninaijua Kaptembwa wakati wa mvua, na ningependa kumwona atakayekisukuma. Kitanda cha mtoto ni kizuri ikiwa pesa zipo na chumba kina nafasi, lakini si cha kwanza wala cha tano.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo katika orodha yoyote na ambacho ninaomba msikiingize chumbani: jiko la makaa. Najua Julai ilivyo, na najua wageni watakaokuja watasema mtoto anaumwa na baridi. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo imewalaza watu wasiamke. Mtoto akiwa na baridi mwekeni kifuani pako au kwa babake, ngozi kwa ngozi, mfunikwe blanketi moja nyote wawili.

Kuhusu safari ya Agosti, sina neno juu ya mtoto kuonwa na ukoo wake, ila atakuwa wa wiki chache tu na Vihiga iko katika ukanda wenye malaria nyingi kuliko Nakuru. Tafuteni neti yenye dawa sasa. Katika kaunti za ukanda wa ziwa na magharibi mama mjamzito hupewa neti bure kliniki. Uliza kwako kama mnapewa, na msipopewa, basi hicho ndicho kitu cha kununua kwa pesa ambazo zingeenda kwenye kiti cha kumbembelezea. Mtoto awe ameshapata chanjo yake ya kifua kikuu na matone ya polio ya kuzaliwa, na kitabu chake msafiri nacho. Karatasi ya taarifa ya kuzaliwa mtakayopewa hospitali iacheni nyumbani mahali salama, kwa kuwa kuandikisha kuzaliwa baada ya miezi sita huhesabiwa kuwa kumechelewa na huja na usumbufu wake.

Sasa pesa. Katika shilingi zako 18,000, ya kwanza kutoka isiende dukani. Tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, mama asiye na usajili na mchango uliolipwa anaweza kujikuta akidaiwa gharama ya kujifungua, na watu wa jua kali kama nyinyi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, nanyi mnaweza kukadiriwa zaidi ya hapo kulingana na hali ya nyumba yenu. Mume wako ashughulikie hilo wiki hii. Hapo “fanyeni mnavyoona” haitoshi. Tenga shilingi 6,000 hivi kwa vitu nilivyovitaja, ukianza na vya kwako na vya saa ya kwanza. Zinazobaki zisiguswe: ni za gari la usiku, dawa ambayo huenda isiwepo hospitali, na chakula cha siku hizo. Tafuteni dereva mmoja wa teksi mnayemwamini, akubali kuamshwa, na nambari yake iwe kwenye simu zote mbili. Zungumzeni pia na ndugu wawili watakaokuwa tayari kutoa damu ikihitajika. Mfuko uwe tayari ukifika wiki 36.

Wenzako wa chama waambie sherehe ihamie mwezi wa Agosti mwanzoni au baada ya safari, mtoto akiwa mikononi. Kwetu watu wamezoea kuja kumwona mtoto wakiwa na unga na sukari, na hakuna aliyewahi kusema huo ni mkosi. Anayetaka kukufaa zaidi ya hapo ajitolee siku moja ya kukufulia nepi. Nina hakika wengi watapendelea kuchanga pesa, lakini huyo mmoja atakayekuja kufua utamkumbuka.

Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe, wala usimfiche. Mwambie kwamba hununui nguo za kupanga kando ya kitanda, kwamba hospitali ndiyo inayomtaka kila mama aje na mfuko wake, na kwamba mfuko huo hutauweka nyumbani kwako. Umpe jirani au dada akutunzie ukiwa umefungwa, na umwambie mama mkwe umewekwa kwa nani. Wako kina mama wengi wanaofanya hivyo, na sioni ubaya wake. Mradi nyumba ya huyo mtunzaji iko karibu na hasafiri Julai. Kisha mwombe leso zake mbili za zamani, zile zilizofuliwa hadi zikawa laini na rangi ikafifia. Hakuna kitambaa cha dukani kinachokausha mtoto vizuri kuliko leso ya aina hiyo, na kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuinunua kwa ajili ya mtoto, haivunji mwiko wowote. Mwombe azitume mapema, mwezi wa Juni, kwa gari.

Nimeliacha sanduku mwisho kwa makusudi. Unasema huna sababu isipokuwa moyo wako, na kwangu hiyo ilikuwa inatosha, lakini ninakuongezea sababu nyingine ambayo mama mkwe ataipokea bila kuumia. Vile vidonge vyeupe kwa kawaida huwa ni nafthalini. Mvuke wake hukaa kwenye nguo na blanketi kwa muda mrefu, na mtoto mchanga huupokea kwa pua na hata kwa ngozi. Katika sehemu zetu zenye malaria, wapo watu wengi kiasi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD, hasa wavulana, na wengi wao hawajui kwa kuwa hawaonyeshi dalili yoyote siku za kawaida. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo zilizokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, macho na ngozi hugeuka manjano kupita kiasi, na manjano hayo yakipanda sana huweza kuharibu ubongo wake. Mimi mwenyewe sitavalisha mtoto wa siku moja nguo iliyokaa miaka mitatu katika dawa hiyo, hata ikifuliwa na kuanikwa.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwamba mkunga amekataa kwa sababu ya zile dawa, wala usimwambie neno juu ya blanketi la manjano isipokuwa yeye mwenyewe aanze. Nguo zile zilikuwa na mwenyewe. Sanduku libaki Vihiga chini ya kitanda lilipo, na mkifika huko Agosti, ukitaka kulifungua mkiwa wawili, mtalifungua, mtoto akiwa ameshikwa na mtu mwingine nje kwenye hewa safi. Zile leso mbili ahakikishe hazikutoka sandukuni.